Ukungu Kwenye Mahindi: Unazaaje, na Tunautambua Vipi?



Baada ya zile mvua za El Niño za mwisho wa 2023, zilizokata barabara ya Garissa kwenda Nairobi karibu na Madogo, tulitembelea kikundi kimoja cha kina mama wanaolima kando ya mto Tana. Kikundi kina pampu, kina kitabu cha hesabu kinachoandikwa vizuri, na stoo ilikuwa na magunia 14 ya mahindi. Mafuriko hayakufika stoo. Lakini bati lilikuwa linavuja, na magunia yalikuwa yamekaa sakafuni. Gunia la kwanza lilipofunguliwa, tulisikia harufu kabla hatujaona mahindi. Ndani kulikuwa na rangi ya kijani yenye umanjano, na pengine nyeusi, na pengine nyeupe kama pamba.

Mjadala ukaanza palepale. Mama mmoja alitaka yaanikwe, yapanguzwe, yasagwe. Mwingine akasema wapewe mbuzi. Mweka hazina alikuwa akifikiria deni la dizeli, akauliza kama mwenye posho mili hawezi kuyachukua kwa bei ya chini. Mzee mmoja jirani, aliyekuja kutazama tu, akakata shauri: “Ukungu ni vumbi. Ukipanguza umekwisha.” Kisha wote wakatugeukia sisi.

Tuseme ukweli. Miaka ya nyuma sisi wenyewe tulikuwa tukiwaambia watu waanike tena na kupanguza. Tulikosea, na ndiyo maana tunaandika makala hii. Mtu hawezi kuamua juu ya gunia lenye ukungu kama hajui ukungu ni kitu gani, unazaaje, na ni upi kati ya aina zake nyingi ulio mbele yake.

UKUNGU SI VUMBI

Ukungu ni kiumbe hai. Si mmea, kwa sababu hauna majani wala hautumii jua kujitengenezea chakula. Si mnyama. Uko katika ukoo wa kuvu, pamoja na uyoga. Mwili wake ni nyuzi nyembamba sana, nyembamba kuliko unywele, zinazoota na kugawanyika matawi ndani ya chakula mpaka zinakuwa mtandao mzima. Hauna mdomo wala tumbo. Nyuzi humwaga majimaji yanayoyeyusha chakula pale nje, halafu zinafyonza kilichoyeyuka. Ndiyo maana punje iliyoota ukungu ni laini na nyepesi: imeshaliwa kwa ndani.

Ile rangi unayoiona juu ya punje siyo mwili wa ukungu. Ni mbegu zake, nasi tutaziita spora kama wanavyoziita wataalamu. Kupanguza ukungu ni kama kukata matawi ya mathenge. Si mnajua mathenge? Unakata leo, unajisifu, baada ya mvua mti umerudi, tena mzito kuliko mwanzo, kwa sababu shina na mizizi viko chini. Kwa punje ya mahindi vilevile. Umetoa mbegu na kuzirusha hewani na puani mwako, lakini nyuzi zimebaki ndani. Na kama ukungu huo ni wa aina inayotoa sumu, sumu nayo imebaki.

UNAZAAJE?

Hapa kuna njia mbili, na tukae kidogo kwa hizi kwa sababu ndizo zinazotusaidia kutambua aina.

Njia ya kwanza ni kuzaa bila kuoana. Uzi mmoja husimama wima kutoka kwa chakula kama mlingoti, na juu yake zinatengenezwa spora. Lakini si kila ukungu unazitengeneza kwa namna moja. Kuna wa mfuko na kuna wa shanga.

Wa mfuko ni kama ule unaoitwa Rhizopus. Ndio ule unaoota juu ya ugali uliolala, juu ya mkate, na juu ya nyanya na maembe yaliyopondeka njiani kwenda sokoni. Nyuzi zake hutambaa kama marando ya viazi vitamu, na kila zinapogusa chakula zinashusha vijizizi. Juu ya vijizizi hivyo husimama milingoti miwili, mitatu au zaidi, na kila mlingoti una kichwa cheusi kama cha pini. Kichwa hicho ni mfuko uliojaa spora. Mfuko ukikomaa hupasuka, na spora zinamwagika zote pamoja kama mtama kutoka gunia lililotoboka. Kwa joto la kwetu, siku moja au mbili zinatosha ugali kufunikwa.

Wa shanga ni kama Aspergillus. Mlingoti wake huvimba juu ukawa kama rungu au puto dogo. Kuzunguka puto hilo kuna vichupa vidogo vidogo, vingi sana, na kila kichupa kinasukuma nje spora moja, kisha nyingine, kisha nyingine, zikashikana kama tasbihi au rozari. Shanga mpya hutokea chini, kwenye kichupa. Iliyo mbali kwenye ncha ndiyo kongwe, na ndiyo inayodondoka kwanza. Hakuna mfuko wa kupasuka. Upepo kidogo, au mkono wa mtu anayepanguza, unatosha. Spora hizi ni ndogo mno: ukizipanga mstari, karibu 200 zinaenea katika milimita moja. Ndiyo maana ziko kila mahali, kwenye udongo, kwenye magunia ya zamani, kwenye nguo zetu. Huwezi kuzimaliza. Unachoweza ni kuzinyima maji.

Njia ya pili ni ya kuoana. Kumbe hata ukungu una pande mbili, ingawa kwa macho zinafanana kabisa na huwezi kusema huyu ni dume na yule ni jike. Mmarekani Albert Blakeslee alionyesha mwaka 1904 kwamba kwa kuvu jamaa ya Rhizopus, nyuzi za upande mmoja zikiachwa peke yake hazifungi ndoa. Zikikutana na za upande wa pili zinavimba, zinagusana, na pale katikati panatokea spora moja nene, nyeusi, yenye ganda gumu la kustahimili shida. Kwa Aspergillus flavus, ambao ndio adui yetu mkubwa kwenye mahindi, ndoa hiyo ilijulikana juzi tu: ilielezwa na watafiti mwaka 2009. Kabla ya hapo ilidhaniwa hauoani kamwe.

Kuna jambo la tatu ambalo si kuzaa hasa, bali ni kuweka akiba. Aspergillus flavus unaweza kukusanya nyuzi zake na kuzifunga pamoja zikawa donge dogo gumu, la kahawia au jeusi, linaloitwa sklerotia. Donge hilo linaanguka shambani na kungojea kwenye udongo wakati wa kiangazi. Mvua ikija linaamka na kutoa spora upya. Tukumbuke hili donge, tutalirudia.

MTU WA FLORENCE NA KIPANDE CHA TIKITI

Zamani watu waliamini ukungu hutokea wenyewe tu kutoka kwa uozo. Mwaka 1729 mtaalamu wa mimea wa Florence, Italia, jina lake Pier Antonio Micheli, alichapisha kitabu kilichoonyesha vingine. Alichukua spora akaziweka juu ya vipande vya matunda vilivyokatwa wakati uleule, likiwemo tikiti, na aina ileile ya ukungu ikaota. Ndiye aliyeupa Aspergillus jina. Chini ya lenzi kichwa chake kilimkumbusha kile kinyunyizio cha maji ya baraka kanisani. Kwa wasomaji wetu wasioingia kanisani, fikirieni mrashi wa maji ya waridi kwenye harusi, na matone yakiruka kila upande. Ni sura ileile.

Garissa matikiti hayakosi. Kwa hiyo jaribio la Micheli mnaweza kulifanya. Kateni vipande vinne vya tikiti, muviweke kila kimoja kwenye sahani yake, mfunike. Kimoja kiacheni hivyo, na vingine vigusisheni kijiti kilichogusa ukungu wa ugali, wa ndimu, na wa kitunguu. Angalieni kila siku kwa siku nne. Msifunue na kunusa! Mwenye pumu, au mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu, asikae karibu kabisa. Kuna jamaa ya ukungu huu, Aspergillus fumigatus, inayoweza kuota ndani ya shimo lililoachwa na TB kwenye pafu, ikamfanya mtu kukohoa damu miaka baada ya kupona. Mkimaliza, chomeni vipande vyote.

TUNATAZAMA NINI?

Kwa macho tunatazama rangi, urefu wa nyuzi na mahali ulipoota. Kwa lenzi ya mkono tunatazama kichwa. Kwa hadubini tunatazama spora zenyewe zimekaaje. Shule nyingi za sekondari zina hadubini kwenye maabara, na mwalimu wa bayolojia akiombwa vizuri hakatai. Chukueni kipande cha selotepu, mguse nacho juu ya ukungu polepole bila kukandamiza, mkibandike juu ya kioo chembamba. Mkikandamiza vichwa vinavunjika, na mtaona spora zimetapakaa tu bila kujua zimetoka wapi.

Aspergillus flavus ni wa kijani yenye umanjano, kama unga uliomwagwa juu ya punje au kwenye mpasuko wa punje. Kwa lenzi ni vichwa vya mviringo vya mrashi. Kwa hadubini mlingoti wake una vipele vipele, hauko laini.

Ndugu yake Aspergillus niger ni mweusi. Ndio ule mnaoukuta kati ya maganda ya kitunguu, kama masizi. Watu wengi huuchanganya na Rhizopus kwa sababu wote ni weusi. Tofauti ni hii: Rhizopus ni mrefu, wa manyoya ya kijivu, na kwa hadubini kichwa ni mfuko, niger ni mfupi, na kichwa ni shanga.

Penicillium ni wa buluu au kijani ya majivu. Unapenda machungwa na ndimu. Jina lake lilitoka kwa neno la Kilatini la brashi ndogo, lakini sisi tuna mfano mzuri zaidi: chukua mti wa mswaki uliotafunwa ncha. Mlingoti hauna puto juu. Umegawanyika matawi yanayoelekea upande mmoja, na shanga zinatoka kwenye ncha za matawi. Swali hutokea kila tukifika hapa: si penisilini ya hospitali hutoka kwa ukungu huu? Ndiyo, Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928. Lakini aina za Penicillium ni nyingi sana, na nyingine zinatoa sumu. Kula ndimu iliyooza si kumeza dawa.

Fusarium ni mweupe wenye wekundu wa waridi, na mara nyingi huanza shambani kwenye ncha ya gunzi au pale funza alipotoboa. Spora zake kubwa zimepinda kama mwezi mwandamo, na ndani zimegawanywa vyumba. Ukishaziona mara moja huzisahau. Nao unatoa sumu yake, tofauti na ya flavus.

UKAMBANI 2004

Sasa tuseme kwa nini tunawasumbua na mambo ya vichwa na shanga. Sumu ya Aspergillus flavus inaitwa aflatoksini. Dunia iliifahamu baada ya mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye ukungu. Kwetu Kenya, mwaka 1981 katika wilaya ya Machakos wagonjwa 20 walifikishwa hospitalini, na 12 kati yao walikufa. Kisha ikaja 2004. Kati ya Januari na Julai mwaka huo, hasa Makueni na Kitui, waliandikishwa wagonjwa 317, na 125 walikufa. Macho ya manjano, matumbo yaliyojaa maji, maini yaliyokufa. Kulikuwa na njaa, mvua ilinyesha wakati wa mavuno, na watu waliweka mahindi ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Kitui inapakana na Tana River, na Tana River inapakana na sisi. Lori likitoka huko kuja soko la Garissa halimwulizi mtu.

Watafiti walipochukua sampuli 350 sokoni katika wilaya zile, zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Hilo lilishangaza, kwa kuwa Aspergillus flavus uko kila mahali duniani na hauui watu wengi hivyo. Mwaka 2007 Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walieleza kilichotokea, na jibu lilikuwa kwenye lile donge la akiba. Ukungu wa kawaida wa aina hii una madonge makubwa kiasi na spora nyingi. Uliotawala kwenye mahindi ya Ukambani ulikuwa na madonge mengi madogo, kila moja chini ya nusu ya milimita, na ulitoa aflatoksini kwa wingi sana. Kwa rangi ungesema ni uleule. Ukubwa wa donge ndio uliowafungulia njia wataalamu kumjua mwuaji, kisha uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha ni ukoo wa peke yake.

JICHO LINA MPAKA

Jicho na lenzi vinaweza kukuambia “hii ni Aspergillus ya kijani.” Haviwezi kukuambia sumu ni kiasi gani. Ziko aina za flavus zisizotoa aflatoksini hata kidogo. Tena hizo ndizo zilizotengenezewa dawa ya shambani, Aflasafe KE01, iliyoandikishwa Kenya mwaka 2015. Hunyunyizwa shambani juma mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua ili ukungu mwema uwahi nafasi ya ule mbaya. Na kwa upande mwingine, punje safi isiyo na rangi yoyote inaweza kuwa na sumu, kwa sababu nyuzi ziliingia shambani mahindi yalipoteseka kwa kiu, halafu zikakauka.

Kiwango kinachoruhusiwa Kenya sasa ni sehemu 10 kwa bilioni. Tufanye hesabu. Kilo moja ya mahindi ina punje kama 3,000, basi gunia la kilo 90 lina punje kama 270,000. Punje bilioni moja ni magunia zaidi ya 3,700. Uzito wa punje kumi tu katika magunia hayo yote ndio mpaka wa sheria. Hakuna mtu anayeona hivyo kwa macho. Maabara tu.

Kuchemsha hakuondoi sumu hii. Kusaga hakuondoi, kunaificha tu. Kuchambua punje mbovu na kukoboa hupunguza, lakini si kwa gunia lililooza hivi.

Na mbuzi? Hapa tulibishana sana siku ile. Mnyama akila mahindi haya, ini lake linabadilisha sehemu ya sumu na kuitoa kwenye maziwa siku hiyohiyo au ya pili yake. Mbuzi, ng'ombe, ngamia, wote. Kwa hiyo mahindi uliyomnyima mtoto kwenye sufuria yanamfikia kwenye kikombe. Kuku na bata nao hudhurika.

KUNYIMA MAJI

Sisi tuna bahati moja ambayo watu wa milimani hawana: jua. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 13.5 au chini hayaoti ukungu. Yaanike juu ya turubai, si juu ya ardhi, kwani udongo ndio makao ya spora na madonge. Pampu ikiharibika wakati mahindi yanatoa maua, iwe ndiyo ya kwanza kutengenezwa kabla ya ile ya nyanya, maana kiu ya wakati huo ndiyo mlango wa ukungu.

Kujua kama yamekauka, chukua chupa ya glasi kavu yenye kizibo, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani, tikisa dakika chache, kisha acha robo saa. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, unyevu umepita asilimia 15: rudisha juani. Isipogandamana, bado anika siku moja au mbili zaidi kabla ya kufunga gunia.

Kikundi kile kilikaa mpaka alasiri. Magunia tisa yaliyoonyesha ukungu yalichomwa shimoni, watu wakiwa wamefunga leso puani na kusimama upande upepo unakotoka. Matano yaliyoonekana safi yaliwekwa kando, na sampuli zikapelekwa maabara kupitia afisa wa kilimo. Majibu yalichukua majuma matatu: manne yalifaulu, moja halikufaulu, na kwa macho lilikuwa ndilo zuri kuliko yote. Likachomwa pia. Mweka hazina aliandika hasara ya magunia 10 kwenye kitabu kwa wino mwekundu, na mwenye dizeli akakubali kungoja msimu mmoja.

Yule mzee alitazama kwa lenzi kwa muda mrefu, akarudisha bila kusema neno, kisha kesho yake alikuja na kitunguu kutoka kwake kuuliza huu ni upi. Bati limezibwa. Magunia sasa yanakaa juu ya mbao, mbali na ukuta. Lenzi tumewaachia wao, na kikundi kitakachoihitaji kiwaulize. Wameshaizoea kuliko sisi.